Andika Unachokitegemea

Kabla ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, programu huria zilitufikia kwa posta na kwa basi. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa yeyote aliyeomba, na pale Tanga CD moja ilipita mikono mingi kabla haijachubuka. Kusakinisha mfumo wenyewe hakukuwa na shida. Shida ilianza pale mtu alipohitaji programu isiyokuwemo ndani ya CD. Maabara ya kompyuta niliyokuwa nikiisimamia chuoni ilikuwa na intaneti ya kubahatisha, kwa hiyo nilikwenda mjini kwenye intaneti kafe, nikapakua kifurushi nilichokitaka, nikakiweka kwenye flashi na kurudi nacho. Nikaandika amri ya dpkg, nayo ikakataa: kifurushi hiki kinategemea maktaba fulani, toleo fulani au la juu yake, na maktaba hiyo haimo kwenye kompyuta hii. Nikarudi mjini kuifuata. Maktaba ile nayo ikadai nyingine.

Wenzangu wengi waliona majibu yale ni ukaidi wa mashine. Mimi niliyaheshimu tangu mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimeshaona jinsi programu nyingine zinavyofanya. Kulikuwa na zile zilizokuja ndani ya faili lililobanwa, bila maelezo, ambazo zilikubali kuingia kwenye kompyuta yoyote kisha zikazimika mbele ya wanafunzi katikati ya kipindi, zikiacha mstari mmoja wa kosa usioeleweka. Dpkg ilikataa mapema, tena ikataja kwa jina na kwa namba ya toleo kitu kilichopungua. Maana yake kuna mtu, mahali fulani, aliyekaa akaandika orodha ile kwa ajili ya watu asiowajua. Nilitaka kuijua kazi ya mtu huyo, na hivyo ndivyo nilivyoanza kufungasha programu za Debian, mfumo ambao Ubuntu umejengwa juu yake.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na funzo kubwa nililolipata ni hili: utegemezi ulioandikwa una tiba, hata uwe mrefu kiasi gani. Unaoumiza ni ule ambao hakuna aliyeuandika.

Debian ilianzishwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Mwaka 1994 Ian Jackson aliiandika upya dpkg kwa lugha ya C. Miaka michache baadaye ikaja APT, ambayo yenyewe huisoma orodha ya utegemezi, ikatafuta kila kinachohitajika kwenye hazina ya programu na kukileta kwa mpangilio unaofaa. Toleo la 13 la Debian, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi 69,830. Kila kimoja kina jina la mtunzaji wake, mtu au kikundi, na wengi wa watunzaji hao wanajitolea. Ukiwa maabara Tanga na umeandika amri moja ya apt, unatumia kazi ya maelfu ya watu waliokubaliana kuandika mahitaji ya programu zao kwa utaratibu mmoja.

Anayetaka kuielewa kazi hii na afungue kifurushi kimoja kwa mkono wake. Mimi huwafungulia wanafunzi hunspell-sw, kifurushi cha kusahihisha tahajia ya Kiswahili, kwa kuwa ni kidogo na kinawahusu. Kifurushi cha Debian ni faili la kawaida linaloweza kufunguliwa kwa amri ya ar, programu ya miaka mingi ya kukusanya mafaili pamoja. Ndani yake hutoka vitu vitatu. Cha kwanza ni faili dogo liitwalo debian-binary, lenye mstari mmoja tu unaotaja namba ya muundo, 2.0. Cha pili ni bunda la control, lenye maelezo ya kifurushi. Cha tatu ni bunda la data, lenye mafaili yatakayowekwa kwenye kompyuta. Katika data tunakuta sw_TZ.dic, yaani orodha ya maneno, na sw_TZ.aff, yaani kanuni za viambishi. Pembeni kuna folda ya nyaraka yenye faili la hakimiliki, linaloeleza nani aliandika nini na kwa leseni ipi. Wanafunzi hushangaa kwamba kitu walichodhani ni fumbo kinasomeka chote kwa macho.

Kisha tunalifungua faili la control, na hapo ndipo somo lenyewe huanza. Sehemu ya Depends hutaja vitu ambavyo programu haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Recommends hutaja vile ambavyo karibu kila mtumiaji atavitaka, na apt huvileta isipokuwa umeikataza. Suggests hutaja vya hiari, vitakavyowafaa baadhi. Breaks na Conflicts hutaja vile visivyoweza kukaa pamoja na kifurushi hiki. Mtu akitazama haraka ataona ni urasimu. Lakini mwenye kompyuta ya diski ndogo, anayelipia bando kwa fedha yake, ataelewa kwamba kila neno hapo lina gharama.

Nakumbuka programu ndogo ya kuandika vidokezo ambayo nilipewa niipitie kabla haijaingia kwenye hazina. Aliyeifungasha alikuwa ameorodhesha mfumo mzima wa TeX kwenye Depends, kwa sababu programu ilikuwa na kitufe kimoja cha kutoa hati ya PDF. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuandika vidokezo tu angelazimika kupakua mamia ya megabaiti. Tulikaa tukajadiliana: mtu asiyekibonyeza kitufe kile atapungukiwa na nini? Hatapungukiwa na kitu. TeX ikahamishiwa kwenye Suggests, na kitufe kikaongezewa ujumbe wa kumweleza mtumiaji kinachohitajika. Tangu hapo, kila ninapoandika orodha ya utegemezi, namfikiria mtu mmoja mwenye intaneti ya kupimiwa. Ukiandika zaidi ya ukweli, yeye ndiye analipa kwa bando. Ukiandika pungufu, analipa kwa programu inayozimika.

Sasa, ukweli huo unaujuaje? Kompyuta ya mtengenezaji programu haiwezi kukuambia. Ni kama mpishi aliyezoea jiko lake: mkono unafika wenyewe chumvi ilipo, na ukimwomba akutajie viungo atasahau nusu. Mpeleke kwenye jiko la ugenini ndipo utajua anatumia nini. Debian ina jiko hilo la ugenini. Kuna chombo kiitwacho sbuild, kinachotengeneza mazingira matupu, yenye vitu vya lazima tu vya kujengea programu, kisha kinaweka vile ulivyovitaja kwenye Build-Depends na kujaribu kujenga. Usichokitaja hakipo.

Kijana mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu, aliandika kwa lugha ya C programu ya kupanga ratiba za mitihani. Ilikuwa kazi nzuri, yenye majaribio yake yenyewe, na aliomba tuifungashe ili vyuo vingine viitumie. Kwenye kompyuta yake majaribio yote yalipita. Ndani ya mazingira matupu, jaribio moja likaanguka: mtihani uliotakiwa kuanza 08:00 ulionyeshwa kuwa unaanza 05:00. Mtihani wa saa mbili asubuhi ulikuwa umehamia saa kumi na moja alfajiri.

“Mwalimu, mbona kwangu inafanya kazi?” aliniuliza.

“Ndiyo sababu tumeileta huku, mdogo wangu,” nilimjibu. “Hebu tutazame huku kumekosekana nini.”

Programu yake ilihifadhi nyakati kwa saa za kimataifa, kisha ikazigeuza kwa kutumia kanda ya Africa/Dar_es_Salaam. Taarifa za kanda za saa hazimo ndani ya lugha ya C. Zinatoka kwenye kifurushi cha peke yake kiitwacho tzdata. Kwenye kompyuta ya kijana, tzdata ilikuja pamoja na mfumo, naye hakuwahi kuwa na sababu ya kuifikiria. Pale isipokuwepo, maktaba ya msingi ya C hailalamiki. Inarudi kimya kwenye saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3. Kama tusingeijenga kwenye mazingira matupu, chuo fulani kingekuja kuchapisha ratiba yenye saa za uongo, na hakuna ambaye angejua pa kuanzia kutafuta. Mstari mmoja wenye neno tzdata uliyamaliza yote.

Tulipoiweka sasa kwenye kompyuta nyingine isiyo na kitu, ikajitokeza shida ya pili. Mchoro wa kuonyesha mitihani inayogongana haukutoka. Ndani ya msimbo kulikuwa na sehemu inayoita amri ya dot, ya programu ya Graphviz, kwa jina tu. Debian ina chombo, dpkg-shlibdeps, kinachoipekua programu iliyokwisha kujengwa na kuorodhesha maktaba zote ilizounganishwa nazo. Kinafanya kazi nzuri sana, lakini amri iliyoandikwa ndani ya sentensi ya msimbo hakiioni. Hapo hakuna njia ila kusoma. Tuliketi na kijana tukaupitia msimbo wake faili kwa faili, tukitafuta kila mahali programu inapotoka nje kuomba msaada. Graphviz ikaandikwa. Kisha tukaongeza jaribio linaloendeshwa baada ya kusakinisha, ili yeyote atakayekuja kuivunja kesho ajulishwe siku hiyo hiyo. Tangu wakati huo naamini kwamba vyombo vitakuonyesha sehemu kubwa ya unachokitegemea, na sehemu iliyobaki itapatikana kwa kusoma tu.

Utegemezi pia una umri. Maktaba unayoitegemea leo itabadilika, na mabadiliko mengine yanavunja ahadi. Utaratibu wa Debian ni kwamba jina la kifurushi cha maktaba hubeba namba inayobadilika kila mara ahadi ile inapobadilika. Ndiyo maana libssl1.1 ilipisha libssl3: ni vifurushi viwili tofauti, na programu iliyojengwa kwa kimoja haiwezi kudanganywa ikapewa kingine. Mwaka 2024 niliushuhudia utaratibu huu ukifanya kazi kwa upana ambao sikuwahi kuuona. Kompyuta za biti 32 huhesabu muda kwa sekunde tangu mwaka 1970, na hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Ili kuzinusuru kompyuta ndogo za aina ya armhf, ambazo shule na warsha nyingi zinazitumia kwa kuwa ni za bei nafuu na hazili umeme mwingi, Debian iliamua kupanua nafasi ya muda hadi biti 64. Mamia ya maktaba yakabadilishwa majina kwa kuongezewa t64 mwishoni, na kila programu inayoyategemea ikajengwa upya.

Kwa majuma kadhaa hazina ya majaribio ilikuwa kama imekwama. Vifurushi vilisubiriana, apt ikakataa kusasisha hiki mpaka kile kiwe tayari. Niliona watu wakilalamika. Lakini nilipofikiria jinsi ambavyo kazi hiyo ingefanyika bila utegemezi ulioandikwa, nilishukuru. Waliopanga mageuzi yale waliweza kuuliza hazina nzima swali moja, nani anaitegemea maktaba hii, na wakapata jibu kamili kwa maelfu ya programu. Ofisi ngapi zinaweza kuuliza swali hilo kuhusu mifumo yao wenyewe?

Wakati wote huo seva za chuo hazikuguswa, kwa kuwa ziko kwenye toleo thabiti. Kifurushi kipya cha Debian huingia kwanza kwenye tawi lisilo thabiti. Kikikaa siku kadhaa bila dosari kubwa na bila kuvunja wengine, hupanda kwenye tawi la majaribio, na takriban kila baada ya miaka miwili tawi hilo hugandishwa, husafishwa na kutolewa kuwa toleo thabiti. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nimewaona mafundi wakifukuzia toleo jipya la kila kitu kwenye seva ya hospitali au ya mikopo, na nimewasihi mara nyingi: tawi la majaribio liweke kwenye kompyuta yako, ulichangie, uripoti dosari zake. Seva ya watu iache kwenye toleo thabiti.

Kuna njia nyingine ya kukwepa usumbufu huu wote, nayo ni kubeba kila kitu ndani ya programu yako: maktaba zako, matoleo yako, nakala zako. Flatpak, Snap na kontena zimerahisisha sana jambo hilo, nami nazitumia pale panapofaa. Zinampa mwandishi wa programu uhakika kwamba kilichofanya kazi kwake kitafanya kazi kwa mtumiaji. Lakini utegemezi haujapungua kwa kufichwa ndani ya kasha. Septemba 2023 iligundulika dosari hatari kwenye libwebp, maktaba ya kusoma picha, ambapo picha moja iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumpa mshambuliaji nafasi. Kwa programu za Debian zinazoitumia maktaba ya pamoja, tiba ilikuwa kusasisha kifurushi kimoja na kuziwasha upya programu. Nilifanya hivyo kwa maabara nzima kabla ya chai ya saa nne. Kisha nikaanza kutafuta programu zilizobeba nakala zao ndani, hasa zile zilizojengwa juu ya Electron. Kila moja ilisubiri mtengenezaji wake aamke, na kwa baadhi yake sikuwa na njia ya kujua nakala ni ya toleo gani. Kasha linalokuja na orodha ya vilivyomo, na mtu wa kuisasisha, ni chombo kizuri. Likikosa vyote viwili, linakuhamishia mzigo bila kukuambia.

Tukio lililonifundisha zaidi kuliko yote lilitokea tarehe 29 Machi 2024. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na Ramadhani ilikuwa imevuka nusu, kwa hiyo ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa au zimetulia. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, kulikuwa na mlango wa siri. Alikuwa akipima kasi kwenye kompyuta ya Debian ya tawi lisilo thabiti, akaona kuingia kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye liblzma, maktaba ya xz.

Niliposoma maelezo yake, kilichonishika ni njia ambayo uovu ule ulipitia. Sshd, programu inayolinda mlango wa seva, kwa asili haihitaji kubana mafaili. Lakini Debian na mifumo mingine kadhaa walikuwa wameiunganisha na libsystemd, ili iweze kutoa taarifa kwamba imewaka. Libsystemd nayo iliitegemea liblzma kwa kazi nyingine kabisa. Kwa hatua hizo mbili, maktaba ya kubana mafaili ikawa ndani ya chumba chenye funguo za seva. Kila hatua ilikuwa imeandikwa kwenye faili la control, mahali pa wazi. Ila wachache walikuwa wamewahi kuufuata mnyororo ule hadi mwisho na kujiuliza kama kila pete yake inahitajika.

Tena kulikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa kabisa. Kipande cha hati kilichowasha hila ile hakikuwemo kwenye hifadhi ya msimbo ambayo watu huisoma. Kiliwekwa tu ndani ya bunda la toleo, lile ambalo wafungashaji hulipakua. Na nyuma ya hayo kulikuwa na binadamu. Lasse Collin aliitunza xz kwa miaka mingi, na alikuwa ameshaeleza hadharani kwamba nguvu zake zina kikomo na kwamba kazi hiyo haina malipo. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuja kama msaidizi, akachangia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Ulimwengu mzima uliitegemea kazi ya mtu mmoja aliyechoka, na hakuna faili la control lenye sehemu ya kuandika jambo hilo.

Jioni ile nilikagua kila kompyuta. Seva zote zilikuwa salama, kwa kuwa toleo thabiti halikuwa limefikiwa. Kompyuta yangu ya majaribio ilikuwa na toleo la 5.6. Tiba ilikuwa imeshafika kwenye hazina, ikiwa na namba inayostahili kuelezwa: 5.6.1+really5.4.5-1. Namba za matoleo za Debian hazirudi nyuma, kwani apt daima hufuata iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo watunzaji walichukua msimbo wa zamani ulio salama, 5.4.5, wakaupa namba inayozidi ile yenye sumu, huku wakitamka waziwazi ndani ya namba yenyewe kwamba kilichomo hasa ni 5.4.5. Hata katika haraka na hofu ya siku ile, walihakikisha kwamba atakayesoma ataujua ukweli. Baadaye Debian iliondoa pete ile ya mnyororo, na sasa sshd yake hutoa taarifa zake bila kupitia libsystemd.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ninavyofanya kazi. Ninapopitia kifurushi, siishii kwenye pete ya kwanza. Nafuata mnyororo mpaka mwisho kwa zile programu zinazolinda mlango au zinazoshika data za watu, na kila pete nisiyoielewa naiulizia. Nalinganisha bunda la toleo na hifadhi ya msimbo. Na kwa kila maktaba ndogo ambayo mifumo yetu inaiegemea, natafuta nani anaitunza, peke yake au na wenzake, na ripoti za dosari zinajibiwa na nani. Nikiona ni mtu mmoja, napima cha kumpunguzia: jaribio ambalo hana, ripoti yenye hatua kamili za kurudia tatizo, tafsiri ya Kiswahili, au barua ya shukrani isiyoomba chochote. Barua ya namna hiyo nimewahi kujibiwa kwa furaha ambayo sikuitarajia kutoka kwa mtu nisiyemjua.

Nawahimiza walimu wenzangu wa vyuo vyetu waifanye kazi ya kufungasha kuwa sehemu ya mafunzo. Mwanafunzi anapojifunza kuandika programu hujifunza kujieleza kwa mashine. Anapoifungasha hujifunza kuwajibika kwa mtu atakayeitumia baada yake, kwenye kompyuta asiyoijua, na pengine bila intaneti. Hapo faida huonekana haraka. Hazina ya Debian ina faili liitwalo InRelease lenye saini, ndani yake kuna alama ya kuthibitisha orodha ya vifurushi, na ndani ya orodha kuna alama ya kila kifurushi kimoja kimoja. Kwa sababu hiyo nimeweza kunakili hazina kwenye diski, nikaipeleka kwa basi hadi shule ya sekondari wilayani isiyo na mtandao, na apt ikavihakiki vifurushi vile kwa ukamilifu ule ule kama vimetoka kwenye seva muda huo. Walimu wa kule wakasakinisha walichokitaka kwa amri moja, na kila maktaba iliyohitajika ikaja yenyewe.

Kwa ofisi na taasisi zinazonunua mifumo, ombi langu ni dogo. Fundi anapokabidhi kazi, mwombeni orodha ya kila kitu ambacho mfumo wake unakitegemea, pamoja na matoleo yake. Kisha mwambieni ausakinishe mbele yenu kwenye kompyuta tupu, kwa kufuata orodha hiyo peke yake. Ukiwaka, mmekabidhiwa mfumo. Usipowaka, orodha haijakamilika, na ni nafuu sana kulijua hilo mkiwa naye chumbani kuliko kuligundua miaka miwili baadaye akiwa amehama mji.